Kisanduku cha chuma cha kuwekea dawa kali: kinalinda nini, na kinashindwa wapi

Kisanduku cha pesa cha chuma, kile chenye mpini juu na tundu la ufunguo mbele, hakikutengenezwa kwa ajili ya dawa. Wauzaji wa Mlandege na Darajani humuuzia mwenye duka anayetaka pa kuweka mauzo yake ya siku. Lakini kwa mgonjwa wa Unguja au Pemba anayeishi na maumivu ya kudumu na kutumia dawa za cheti kama tramadoli, kodeini au mofini, hakuna chombo cha bei nafuu kinachopatikana kwa urahisi kama hiki cha kuzuia dawa zake zisipotee nyumbani. Hukumu yangu naitanguliza: kinunuliwe, kiwe cha ufunguo badala ya namba, saizi ya sentimita 25 au zaidi, kikazwe kabatini kwa bolti, na kiende pamoja na kaunta buku. Bila daftari, kisanduku hakiwezi kujibu swali la kwanza atakaloulizwa mgonjwa siku dawa zikipungua: zimepungua ngapi, na tangu lini?

Nyumba zetu zina watu, na dawa hupotea kwa njia nyingi kabla mwizi hajaingia. Shangazi ana jino linamuuma, anaomba "ile kali yako" moja tu. Kijana amesikia skuli kwamba tramadoli inaondoa uchovu. Mgeni wa arusi anaumwa kichwa, anaoneshwa droo ilipo na kuambiwa achukue. Mtoto anakuta kapsuli za rangi mbili zikimeremeta juu ya meza. Siku za hitma ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chumba cha mgonjwa huwa njia ya kila mtu, na hakuna anayeona haya kufungua kabati akitafuta shuka au mkeka. Wengi kati ya hawa hawajioni kuwa wameiba. Wanachukua kwa mazoea yaleyale wanayochukulia Panadol, bila kujua kwamba hospitali haiwezi kumwongezea mgonjwa dawa ya namna hii kwa neno lake peke yake, na kwamba tarehe ya cheti kipya inahesabiwa kwa idadi ya vidonge alivyopewa.

Kwa mgonjwa hasara ni mbili. Anabaki na maumivu, yawe ya selimundu, saratani, baridi yabisi au mgongo, na mwili uliozoea dawa unamgeuka. Akirudi hospitali mapema, anaonekana mtu aliyekunywa kupita kiasi au aliyeuza. Hii ya pili inaumiza vibaya, na wagonjwa wengi huikimbia kwa kukaa kimya na kuvumilia. Haifai waachwe wafike hapo ilhali kuna chombo na njia ya kujilinda.

Visanduku hivi huja kwa saizi zinazokaribiana, hata kama majina yaliyobandikwa yanatofautiana. Kidogo kina urefu wa sentimita 20 hivi, cha kati 25, kikubwa 30, na vyote vitatu kimo chake ni karibu sentimita 9. Bati lake ni jembamba, milimita 1 au chini ya hapo. Ndani mna sinia la plastiki lenye vijumba vya sarafu. Cha sentimita 20 hakifai: ukiweka pakiti za mwezi mzima, cheti, kadi ya hospitali na kalamu, kifuniko hakikai sawa, na kufuli linalolazimishwa huharibika upesi. Cha 25 kinamtosha mtu mmoja. Anayetumia pia amitriptilini, gabapentini au dawa za presha achukue cha 30, maana hizo nazo zinastahili kufungiwa. Amitriptilini hasa inadhuru moyo wa mtoto hata akila vidonge vichache.

Sinia la plastiki litolewe siku ya kwanza, lipewe kazi nyingine. Pakiti huteleza na kukaa wima kati ya sinia na ukuta wa kisanduku, mgonjwa akadhani ameibiwa, nyumba ikachafuka kwa maneno, na dawa zipo palepale.

Kufuli lake ni la daraja la chini, na mnunuzi ajue hivyo. Kiwanda hutengeneza aina chache tu za funguo, kwa hiyo visanduku viwili vya duka moja vinaweza kufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Namba ndogo iliyochorwa kwenye ufunguo ndiyo aina yake. Ukiwa dukani omba visanduku vitatu au vinne, linganisha namba hizo, kisha chukua ambacho namba yake haijirudii kwa wenzake. Jaribu pia ufunguo wa kimoja kwenye kingine. Muuzaji mwema hatakukatalia, na akikataa mbele yako maduka ni mengi. Ubandike karatasi ndogo ya gundi juu ya namba hiyo, au uikwangue kwa tupa baada ya kuiandika mahali salama.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba kisanduku kina mpini. Anayekitaka hahitaji kukifungua, anakibeba. Kwa hiyo kitako cha bati kitobolewe matundu mawili ya milimita 6, moja kila upande, na ubao wa kabati utobolewe palepale. Pitisha bolti zenye vichwa bapa kutoka ndani ya kisanduku kwenda chini ya ubao, weka washa pana upande wa ubao, kaza nati, kisha ongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza ili isilegee. Skurubu za mbao hazitoshi, hung'oka kwa kuvutwa mara moja. Kabati la mbao za kubandikwa, lile jepesi la dukani, lina ubao laini unaopasuka ukizungusha drili kwa pupa, kwa hiyo anza na tundu la milimita 3 ndipo upanue. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaimaliza kazi hii kwa muda mfupi. Asiambiwe kinawekwa nini. Kinaitwa kisanduku cha karatasi za nyumba, na ndani mna karatasi kweli.

Bati hili na hewa yetu ya bahari havipatani. Rangi hukwanguka kwanza kwenye bawaba na kwenye midomo ya matundu uliyotoboa, na kutu huanzia hapo. Paka rangi ya mafuta kwenye matundu kabla ya kupitisha bolti. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba na moja kwenye tundu la ufunguo, kila baada ya mwezi mmoja au miwili, linatosha. Mafuta ya kupikia yasitumike, yanaganda na kushika vumbi. Wakati wa masika, weka ndani vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya au vifaa vya umeme, viandikwe kwa kalamu nzito kwamba si dawa, na vitupwe mvua zikiisha.

Joto nalo lina hesabu yake. Dawa nyingi za vidonge zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na miezi ya kaskazi chumba chenye mabati bila dari kinapita hapo mchana wa saa nane bila shida. Chuma kikipigwa na jua la dirishani kinapasha zaidi. Kisanduku kikae chini, kwenye rafu ya chini ya kabati, ukuta usiopigwa na jua la magharibi. Asikipeleke mtu kwenye friji: kila mlango ukifunguliwa, unyevu hutua juu ya vidonge, na friji ndiyo kabati linalofunguliwa na kila mtu wa nyumba.

Mofini ya maji ndiyo inayokishinda kabisa kisanduku hiki. Wagonjwa wa saratani wanaorudi kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, au wanaohudumiwa hapa nyumbani, mara nyingi huwa na chupa ya mofini ya kunywa. Chupa ya mililita 100 ina kimo kinachozidi sentimita 9, haisimami ndani. Ikilazwa, kizibo hulegea kidogokidogo na dawa huvuja. Dawa iliyovuja haipimiki, na mgonjwa hawezi kuthibitisha kwamba imevuja. Usihamishie kwenye chupa fupi ya sharubati au ya dawa ya kikohozi, kwa sababu ndivyo watoto wanavyokunywa sumu. Wenye chupa watafute sanduku la bati la wanafunzi wa bweni, lile la kufuli la kuning'inia, la ukubwa mdogo kabisa, walikaze kwa bolti vilevile. Kiasi kipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na alama ya usawa wa maji ichorwe kwa kalamu nzito ubavuni mwa chupa kila Ijumaa, pamoja na tarehe. Alama hiyo ndiyo hesabu ya dawa ya maji.

Jambo moja ambalo watengenezaji hawakulifikiria: ufunguo ni mdogo mno kwa vidole vilivyovimba. Mwenye baridi yabisi ya mikono hawezi kuubana na kuuzungusha, hasa alfajiri viungo vikiwa vimekaza, na huishia kukiacha kisanduku wazi. Dawa yake ni kipande cha kijiti cha unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 8 hivi, kilichotobolewa na kufungwa kwenye kichwa cha ufunguo kwa waya uliokazwa. Kinampa mkono mzima wa kushikia.

Funguo huja mbili. Mmoja anao mgonjwa mwilini, kwenye kamba shingoni au umeshonewa kifukoni. Wa pili apewe mtu mmoja aliyetajwa kwa jina mbele ya watu wa nyumba: mke, mume, mtoto mkubwa, dada. Usitundikwe msumarini nyuma ya mlango, wala kuwekwa ndani ya kikombe kabatini, maana nyumba nzima inajua vikombe hivyo. Mwenye ufunguo wa pili lazima awepo, kwa sababu mgonjwa wa selimundu akishikwa na maumivu makali usiku hawezi kuinuka kufungua mwenyewe.

Sasa daftari. Kaunta buku ndogo ya jalada gumu, si karatasi za kuchomoka. Ukurasa upigwe mistari ya safu tano: tarehe, saa, dozi iliyonywewa, zilizobaki, na jina la aliyefungua. Juu ya ukurasa wa kila mwezi andika jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, idadi iliyopokelewa, na maelekezo kama yalivyo kwenye bahasha, mfano 1×3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Dozi ya ziada aliyoruhusu daktari kwa maumivu yanayochomoza ghafla iandikwe kwa wino mwekundu, kwa sababu hiyo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mtu huamka saa tisa usiku, anakunywa, analala, asubuhi hakumbuki. Tramadoli na mofini zote huleta usingizi na kuchanganya kumbukumbu, kwa hiyo kutegemea kichwa hapa ni kumwonea mgonjwa.

Hesabu ya kwanza hufanyika dirishani, kabla ya kuondoka famasi au hospitali. Dawa zetu nyingi hutolewa ndani ya bahasha ndogo, pakiti zimekatwa kwa mkasi ili idadi itimie, na kosa la pakiti moja nzima ni rahisi kutokea wakati foleni ni ndefu. Zimwage mezani, zihesabu kwa sauti mtoaji akisikia, kisha mwombe aandike idadi juu ya bahasha na kutia sahihi. Ukishatoka mlangoni, neno lako na lake yana uzito sawa. Kataa pia kapsuli zilizokatwa pembeni mpaka kifuniko chake kimefunguka, zitashika unyevu.

Ya pili ni ya kila wiki, watu wawili, siku moja isiyobadilika. Ijumaa inakumbukwa kwa wepesi. Mfano wa hesabu ni huu. Umepewa kapsuli 84 za tramadoli za miligramu 50, maelekezo 1×3, siku 28, umeanza asubuhi ya siku ya kwanza. Asubuhi ya siku ya 11, kabla ya dozi, zimekwisha siku 10 kamili: 10 mara 3 ni 30. Zinapaswa kubaki 54. Ukikuta 44, zimepungua 10. Hizo 44 ni siku 14 na dozi mbili, kwa hiyo dozi ya usiku wa siku ya 25 haitakuwepo, na siku ya 26, 27 na 28 zitakuwa tupu. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia daktari, nayo inasikilizwa kuliko "dawa zangu zimepotea".

Idadi iliyopungua inaeleza mengi kabla hujamshuku mtu. Zikipungua 10 kamili, na pakiti ni ya 10, kuna mambo matatu: hukupewa tangu dirishani, imeteleza nyuma ya sinia, kama hukulitoa, au ndani ya karatasi za hospitali, au imechukuliwa pakiti nzima. Zikipungua 2, 3 au 5, mara nyingi ni dozi za usiku zisizoandikwa, au zilizotolewa kwa mtu aliyeomba na mgonjwa akaona haya kusema. Zikipungua moja moja kila wiki, kwa mpangilio, kuna mtu anayejua pa kupata ufunguo. Na zikizidi, ujue kuna dozi zilizorukwa, jambo ambalo daktari anahitaji kulijua vilevile. Tafuta kwanza: toa kila kitu, kagua mikunjo ya bahasha, mfuko wa mkoba uliokwenda nao kliniki, chini ya godoro upande wa ukutani. Soma daftari kinyumenyume ukatafute siku zenye mistari pungufu.

Ikithibitika zimepotea, siku hiyohiyo ndiyo ya kuchukua hatua, si siku ya 25 kapsuli ya mwisho ikiwa mkononi. Daktari akiwa na wiki mbili mbele anaweza kupanga kitu. Akiwa na saa kumi hana la kupanga. Nenda na kaunta buku, bahasha yenye sahihi, dawa zilizobaki zenyewe, na cheti cha zamani, kwa aliyekuandikia, sio kwa daktari mwingine asiyekujua. Kuzunguka hospitali tatu kuomba dawa ileile, hata kwa nia njema, ndiko kunakomfanya mgonjwa aonekane muuzaji. Ikiwa nyumba imevunjwa au mkoba umeibiwa, ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni. Barua ya sheha inasaidia kuthibitisha kwamba wewe ni mkaazi na jambo limejulikana shehiani, ila haichukui nafasi ya RB. Daktari anaweza kukupa dawa za siku chache badala ya mwezi, au kukutaka urudi kila wiki. Likubali hilo. Pakiti chache nyumbani ni hatari chache, na baada ya miezi miwili ya hesabu inayotimia kwa kawaida unaweza kuomba kurudishwa kwenye utaratibu wa zamani.

Usiache ghafla kwa makusudi, na usijipangie mwenyewe kupunguza nusu. Mwili uliotumia dawa za jamii ya mofini kwa wiki kadhaa huanza kulalamika kati ya saa 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho ya dawa ya muda mfupi: jasho, kamasi, vipele vya baridi, tumbo kuendesha, miguu kutotulia, kukosa usingizi, na maumivu yenyewe kurudi kwa nguvu. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Hii si ishara kwamba mgonjwa ni mlevi wa dawa, ni mwili uliozoea. Mjamzito asisubiri hata siku moja. Vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole visikatwe wala kusagwa ili vifike mbali, kwa kuwa dozi ya saa 12 itaingia mwilini mara moja.

Kosa la pili ni kuziba pengo kwa dawa za dukani bila mpaka. Parasetamoli kwa mtu mzima haizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba sana au mwenye ini bovu anatakiwa kutumia chini ya hapo. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, nazo zihesabiwe. Diklofenaki na ibuprofeni zisinywewe pamoja, na mwenye selimundu, figo dhaifu, vidonda vya tumbo au presha aulize kabla. Kununua "tramadoli" ya mkononi kutoka kwa mtu asiye na duka linalotambuliwa na Wakala wa Chakula na Dawa ni hatari kubwa kuliko zote hizi, maana huna njia ya kujua kapsuli ina nini wala nguvu kiasi gani. Kiwango cha juu cha tramadoli ni miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na ukizidisha, au ukichanganya na baadhi ya dawa za msongo, degedege linaweza kukupata hata kama hujawahi kuwa nalo.

Na dawa zikipatikana baada ya siku kadhaa bila kunywa, usirudi moja kwa moja kwenye dozi uliyoachia, hasa ya mofini. Uvumilivu wa mwili umeshuka, na dozi iliyokuwa ya kawaida inaweza kuzimisha pumzi. Uliza kwanza.

Ikiwa zilizopungua huenda zimeliwa na mtoto, acha hesabu. Usingizi usio wa kawaida, pumzi za taratibu, mboni za macho zilizokuwa ndogo kama tundu la sindano, midomo kuwa ya buluu, au degedege: mpeleke hospitali iliyo karibu mara moja, Mnazi Mmoja kwa wa mjini, Chake Chake, Wete au Mkoani kwa wa Pemba, na bahasha ya dawa uichukue. Asitapishwe, asipewe maziwa wala tui. Kuna dawa ya kuzindua, naloksoni, lakini hutolewa na mhudumu wa afya, na kila dakika ya kumpooza kwa maji nyumbani ni dakika iliyopotea. Mtoto aliyemeza apelekwe hata akiwa bado anacheza.

Mazungumzo na watu wa nyumba yanahitaji upole na idadi. "Dawa zangu 10 hazipo, zilikuwepo Ijumaa iliyopita, aliyezichukua aziseme nisije nikaugua" ni kauli inayomwachia mtu mlango wa kurudisha. Kumtaja mtu kwa dhana kunafunga mlango huo. Kijana akigundulika anatumia, hilo ni la matibabu, na hospitali ya Kidongo Chekundu kuna huduma kwa wenye uraibu.

Vitu vingine vinavyouzwa kwa kazi hii havijanipendeza. Kisanduku cha namba tatu kina michanganyo 1,000 tu, na mtu mwenye subira huimaliza katika saa moja. Sefu ndogo ya umeme ni nzito na imara zaidi kwa sura, lakini inakula betri nne, vyuma vyake vya kushikia betri hushika kutu katika unyevu wetu, na siku betri zikifa unategemea ufunguo wa dharura uliokwisha kusahaulika. Kile kisanduku cha plastiki cha siku saba chenye vijumba vya asubuhi, mchana, jioni na usiku ni kizuri kwa kukumbushia, ila hakina kufuli, na kapsuli zilizotolewa kwenye pakiti hulainika humo. Kitumie kwa dozi za siku moja, nyingine zibaki zimefungiwa.

Ramadhani inabadilisha daftari. Anayefunga kwa ruhusa ya daktari hunywa futari na daku, na mpangilio wa 1×3 haugeuki wenyewe kuwa dozi mbili. Lazima upangwe upya na aliyekuandikia, na ukurasa mpya ufunguliwe tangu usiku wa kwanza, la sivyo hesabu ya Idi haitafahamika na yeyote. Kwenye boti ya kwenda Pemba au Dar, dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya bahasha yake, pamoja na cheti. Mzigo wa chini haupo mbele ya macho yako. Anayekwenda Falme za Kiarabu aombe kibali cha tramadoli kabla ya safari, huko ni dawa ya kudhibitiwa na watu wamefungwa.

Mgonjwa akibadilishiwa dawa au akifariki, zilizobaki zihesabiwe mbele ya watu wawili na kurudishwa zilikotolewa, kabla ya watu kuanza kujaa nyumbani kwa matanga.

Kwa Pemba, visanduku hivi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya chuma na ya vifaa vya ofisi, Chake Chake na Wete, ila saizi ya sentimita 30 si kila siku. Bei ni ya kupatana popote. Kabla ya kulipa fanya haya palepale kaunta: funga na ufungue mara kumi kwa kila ufunguo, kiinamishe kifuniko chini uone kama kinafunguka chenyewe, bonyeza pembe za kifuniko kwa vidole gumba viwili kikiwa kimefungwa. Kikiachia mwanya wa kupitisha kisu, kirudishe na uombe kingine.